Nilifuta Kiha kwenye CV, halafu nikamwonea wivu aliyepata field ofisi ya wakili kule Mwanga

Wakuu, amani kwenu. Mliopo Kigoma, mwakeye.

Mimi huwa nasoma tu humu na kuondoka kimya. Leo naandika ya kwangu, na sitatia chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo iliyoniponza, mtaona mbele.

Nianze na kosa. Nilipokuwa naandaa CV ya kuombea field ya sheria, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye mstari wa lugha niliandika Kiingereza, Kiswahili, Kiha. Nikaitazama. Nikafuta Kiha. Niliona kinachafua ukurasa.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Rusimbi hapa Kigoma mjini, mama yangu anauza mawese. Kwenye ukoo wetu watu wanaingia ofisi ya wakili wakiwa wameshtakiwa tu, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Namna ya kuomba nilijifundisha mwenyewe YouTube, kwa wanafunzi wa Ulaya wanaoomba nafasi kwenye kampuni kubwa za mawakili. Wanasema barua yako ioneshe unaelewa biashara. Nami nikaandika kurasa nne za Kiingereza kuhusu kampuni kuungana na kununuana.

Naituma wapi? Kwa mawakili wa Kigoma mjini.

Tena sikuituma mapema. Kila nikitaka kubonyeza naona koma haijakaa sawa, nabadilisha font, naanza upya. Mama akawa ananiuliza, "Hiyo barua bado haijaiva?"

Mjue kilichokuwa mezani. Chuo chetu kinataka upeleke barua ya kukubaliwa kabla ya tarehe waliyopanga. Usipopeleka, unarudia mwaka unaofuata, na wenzako wanamaliza wanakuacha.

Nilipokwishatuma, kimya. Si "hapana", si "tumepokea". Kimya.

Asubuhi moja nafungua WhatsApp, nakutana na status ya Hilda.

Hilda tumesoma naye sekondari hapahapa, na chuo tuko darasa moja. Kwao ni Iringa, baba yake ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma. Kwenye picha kulikuwa na meza, mafaili yamefungwa kamba, na mkono wake umeshika kalamu. Maneno yalikuwa mawili tu: "Siku ya kwanza."

Wakuu, niliikuza ile picha mpaka ikawa vidoti. Nilikuwa natafuta sijui nini. Nilitazama mafaili, kucha zake, hata kivuli cha dirisha. Nilitoka kwenye status, nikarudi. Chai ikapoa. Mtu wa Iringa amepata field kwetu, mimi mzaliwa nipo jikoni namenya mihogo.

Kwenye group la darasa watu wakamiminika na hongera. Nami nikaandika: "Hongera. Connection ni mtaji."

Akajibu, "Asante kaka." Basi.

Niliona nimemweza. Siku nzima nikawa namweleza mama kwamba nchi hii bila baba mwenye cheo huendi popote. Mama akasema, "Sawa, lakini mihogo hiyo imalize."

Siku zikasogea, tarehe ya chuo inakaribia, sina barua. Kisha Hilda akanipigia.

"Uko nyumbani?"

"Nipo."

"Vaa shati njoo ofisini Mwanga. Karani wetu amekwenda msibani Kasulu, tuna mteja anaongea Kiha tu. Nimemwambia Madam kuna mtu namjua."

Nusu yangu ilifurahi. Nusu nyingine ikasema, yaani naitwa kumsaidia yeye kazi. Nikaenda nimevaa tai.

Madam ndiye wakili mwenye ofisi, mama wa makamo, mtu wa Tanga. Aliponiona tu akasema, "Wewe si ndiye wa ile barua ya makampuni? Mwanangu, mimi hapa nina michikichi na mirathi."

Hilda alikuwa kwenye meza yake, ileile ya kwenye picha. Nikaitambua.

Mteja alikuwa bibi kutoka Ilagala. Mume amefariki, shemeji anataka shamba la michikichi, anadai ni mali ya kaka yake. Nikamwamkia kwa Kiha, uso wake ukafunguka.

Madam akasema, "Muulize nani alipanda hiyo michikichi."

Nikauliza. Bibi akajibu kifupi. Hapo sasa, wakuu. Hilda ameshika kalamu anasubiri kuandika maneno yangu, na mimi nikataka aandike mpaka mkono umuume. Nikakohoa, nikasema, "Mteja anaeleza kwamba yeye na marehemu, katika kipindi chote cha ndoa, walichangia kwa pamoja uendelezaji wa shamba husika."

Madam akavua miwani.

"Yeye kasema kidogo, wewe umesema sana. Niambie alichosema."

Nikashusha sauti. "Kasema, nilipanda mimi. Mume wangu alikuwa Kongo anavua."

"Na hilo 'kwa pamoja' limetoka wapi?"

Nikaanza kurekebisha tai.

"Ningeliandika hilo kwenye kiapo chake, huyo shemeji angenishukuru. Bibi wa watu angeondoka na nusu ya shamba alilopanda peke yake. Endelea, na usimsaidie kuongea."

Nilitamani Hilda acheke, nipate sababu ya kumchukia. Hakucheka. Alikata ule mstari kimyakimya, akaandika mwingine, akasubiri. Bibi alikuwa ananitazama tu, hajui kwamba nimetoka kumpunguzia shamba kwa sababu ya wivu wangu kwa mtu ambaye yeye hamjui.

Baada ya hapo nilitafsiri neno kwa neno, kavu. Tulipomaliza, bibi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikashindwa kumtazama.

Kwenye ngazi nikamuuliza Hilda, "Baba yako anafahamiana na Madam?"

"Baba hajui hata ofisi ilipo. Niliandika nusu ukurasa wa Kiswahili, nikaja nayo, nikakaa kwenye benchi na wateja mpaka Madam akarudi mahakamani. Akaniuliza najua Kiha? Nikasema sijui, nitajifunza."

"Mbona ulinitaja mimi?"

"Ukiongea Kiha na mama yako kwenye simu hosteli nzima inasikia. Ningemtaja nani?" Akashuka ngazi moja, akageuka. "Na ule mtaji wangu niliusoma, usidhani sikuuona."

Nikaomba radhi palepale. Akasema, "Haya, kesho uje bila tai."

Maana kabla sijatoka ofisini Madam alikuwa ameshanikubalia field, kwa sharti. Meza ya mwanafunzi ni moja na ni ya Hilda. Mimi nikakaa kwenye benchi na wateja, nawasikiliza kabla hawajaingia. Field yangu yote imepita kwenye benchi lile, na barua ya chuo ilisainiwa.

Nilichojifunza: hizi ofisi zetu za mikoani nendeni kwa miguu yenu, na someni kwanza wanashughulika na nini. Na usifute kitu kwenye CV kwa sababu tu kinanukia nyumbani.

Wenye uzoefu wa field, hasa mliowahi kukaliwa kooni na wivu kwa rafiki, shusheni ya kwenu hapo chini. Wa kunichana pia karibuni, nimeshachanwa na Madam.

Kwa sasa Kiha kipo mstari wa kwanza kwenye CV yangu. Na Hilda akipata kitu, nampigia siku hiyohiyo kumpa hongera. Bado kinauma, lakini napiga.