Dakika Sita za Kubadilisha Treni

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu Raya, siku ya mwanzo wa baridi huko mashambani Japani. Sijakuhadithia kabla. Hata mama yako sikumhadithia, kwa haya. Lakini juzi ulipokuja hapa kwangu Azaiba, Maskati, ukanifungulia simu, ukanionyesha safari ya Japani unayompangia mama yako, miji tisa kwa siku kumi, nikaikumbuka siku ile. Ulikuwa na furaha, nikakutilia kahawa tu. Leo nasema, maana mimi ni mama yako mkubwa, na goti la mdogo wangu nalijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nafanya kazi wizarani pale Al Khuwair, nikapelekwa Japani kwa mafunzo ya miezi minne. Yalipokwisha, bibi yako, Mungu amrehemu, akanifuata huko tupate wiki mbili za kutembea. Nami nikataka aone kila kitu: Kanazawa na bustani zake, Takayama na nyumba zake za mbao, vijiji vya milimani vilivyoezekwa nyasi, mji wa wafinyanzi, chemchemi za maji moto. Nikaandika daftarini kila treni na dakika yake. Daftari lile nililisoma kama mtu anayengojea mtihani. Tukichelewa kidogo tu, nalifungua tena. Bibi yako akisimama kumtazama mtu anaanika figili barazani, namwambia, "Mama, twende." Akishika kitambaa dukani, "Mama, twende." Anakirudisha kitambaa, anakuja.

Siku ya tano ilikuwa tubadilishe treni kwenye stesheni ndogo katikati ya mashamba ya mpunga. Daftari lilisema dakika sita. Treni ya pili ilikuwa upande wa pili wa reli, na kufika huko lazima upande daraja la ngazi. Bibi yako alikuwa na sukari. Asubuhi alishapiga sindano yake, na chakula cha mchana mimi nimekisogeza mbele ili tusiikose treni.

"Zuwena, nnasikia njaa," akanambia.

"Tutakula mbele, mama. Bado kidogo tu."

Nikachukua mabegi yote, na mkoba wake pia, ili apande ngazi akiwa mwepesi. Nikatangulia mbio. Nilidhani nikiingia mimi na mizigo, treni itatungoja. Mshika mawili, mwanangu, moja humponyoka. Nikageuka nikamwona bado yuko juu ya daraja, ameshika chuma, anashuka ngazi moja moja. Milango ikajifunga. Nikaupiga mlango kwa kiganja. Nililiona baibui lake mpaka njia ikapinda, nisilione tena.

Ndipo nikatazama mkononi. Mkoba wake ninao mimi. Ndani mna pasipoti yake na zile tende anazokula sukari ikishuka. Yeye amebaki hana kitu, na Kijapani hajui hata neno moja.

Nikamwendea mtumishi mmoja wa treni, nikamwambia kwa Kijapani changu kibovu, "Mama. Nyuma. Mgonjwa." Alinielewa. Tulipofika stesheni ya mbele akapiga simu, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa: kule hakuna mfanyakazi mchana ule. Na treni ya kurudi ni baada ya dakika hamsini. Simu za mkononi sisi hatukuwa nazo. Nikakaa kwenye benchi nikisoma Ayatul Kursiy, aya niliyoijua tangu utotoni, na kila nikifika katikati inanipotea, naanza tena. Mawazoni nilimwona ameanguka ngazini. Nilimwona amekaa relini. Nilijiona nikirudi Maskati peke yangu, na babu yako uwanja wa ndege ananiuliza yuko wapi.

Niliporudi, stesheni ilikuwa tupu. Nikaita. Nikatazama chooni, chini ya daraja, kando ya reli. Hayupo. Nikatoka barabarani nikamkuta mzee mmoja juu ya trekta, nikamwonyesha kwa mikono: vazi refu, jeusi, mwanamke. Akanyoosha kidole kwenye nyumba iliyotundikwa matunda ya rangi ya chungwa, yale kaki tunayoyaona madukani hapa.

Bibi yako alikuwa amekaa sakafuni, amefunikwa blanketi, uso hauna rangi. Kikongwe mmoja, mwenye nyumba, alikuwa anamlisha kaki lililoiva, kwa kijiko. Nikajua baadaye kwamba mikono ilikuwa inamtetemeka hata hawezi kushika. Alianza kuona giza, akavuka barabara, akayaonyesha yale matunda kwa kidole, kisha akaonyesha mdomo wake. Kikongwe hakuuliza. Alimshika mkono akamwingiza ndani.

Nikapiga magoti, nikalia, nikamwomba radhi. Akaningoja nimalize. Hakupandisha sauti.

"Zuwena," akasema, "mimi sikuja kuiona Japani. Miezi minne sikukuona, nikaja kukuona wewe. Tangu nimefika naona mgongo wako tu."

Wallahi, angenipiga ningepata nafuu.

Usiku ule tulilala katika nyumba ya wageni ya kijiji kilekile cha stesheni, nasi hatukuondoka kwa siku nne. Vijiji vya milimani hatukuviona, wala mji wa wafinyanzi. Kila asubuhi tulitembea polepole hadi kwa yule kikongwe, nao wawili wakamenya kaki na kuyafunga kamba yaanikwe, huyu akisema Kiswahili, yule Kijapani, wakicheka. Mimi nilikaa nao, lakini khofu haikunitoka. Kila akiinuka, nami nainuka. Hata leo mlango wa lifti ukijifunga baina yangu na mtu, roho hushtuka.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi ukingo nimeuona. Basi nisikilize, mwanangu. Chagua miji mitatu, minne ikizidi sana, na kila mmoja mlale siku tatu. Treni ya dakika sita iache iende; shukeni, mle, ndipo mtazame inayofuata. Mkoba wa dawa na kitu kitamu aubebe mama yako mwenyewe begani, na jina la nyumba mnayolala aandikiwe kwa Kijapani aliweke humo. Kwenye ngazi usitangulie. Na iache siku moja isiyo na mpango wowote, uone yeye ataifanyia nini. Mtu mzima hasemi kachoka. Husema nasikia njaa, husema hebu tukae, na wewe ndiye wa kusikia. Miji itabaki palepale. Mama yako mwaka huu anaweza kupanda ngazi, mwakani hatujui.

Nenda naye, mwanangu, sikukatazi. Mwenyezi Mungu akufungulieni njia, akulainishieni nyoyo za wenyeji, akupeni afya na subira ya kungojana, na akurudisheni Maskati salama, mama na mwana, mkiwa mna hamu ya kusafiri tena pamoja. Amin.