Nilivyomsahihisha mchoraji Mnavaho mbele ya baba yangu, Elisabethville

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mzee wa Lubumbashi, natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu za kutunga uongo. Haya yalinipata mwenyewe.

Ni enzi zile Katanga imejitenga, mji bado unaitwa Elisabethville, na kila kona kuna barrière, kizuizi cha askari.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa kuandika vibao vya maduka. Herufi zangu zilinyooka mpaka Wagiriki wenye maduka walikuwa wananigombania.

Baba, mtu wa reli aliyetoka kaskazini, hakuona kazi hapo. Kwake kazi ni ile yenye king'ora asubuhi. Alikuwa ameshaniombea nafasi karakana ya reli, naanza Jumatatu.

Jumamosi ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kumwonyesha kwamba brashi nayo ni kazi.

Siku hiyo kulikuwa na exhibition. Pasta mmoja Mmarekani alimwalika rafiki yake, mchoraji Mnavaho, yaani wale wenyeji wa Amerika waliokuwepo kabla ya wazungu. Mimi nilipewa kutundika picha zake ukumbini. Kwa shukrani, pasta akakubali picha yangu moja, ya wavuvi wa Kasenga, ikae karibu na mlango. Baba akaahidi kuja kuiona.

(Kando kidogo: mtaa mzima ulikuwa unamsubiri mtu wa manyoya kichwani, kama kwenye sinema. Akashuka bwana mfupi wa suti na miwani, analalamikia joto. Jirani yetu mmoja, mtu mzima kabisa, akauliza kama farasi amezuiwa barrière.)

Tuje kwenye ujinga wangu.

Saa sita mchana ukumbi ulifungwa, wazungu wakaenda kulala. Nikabaki na picha. Kila moja ilizungushiwa mpaka, mstari safi kabisa, lakini upande wa kulia mstari unakatika. Mwanya wa upana wa kidole.

Picha kumi na moja. Mwanya uleule, mahali palepale.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikamhurumia. Nikasema safari ilikuwa ndefu, bwana wa watu alichoka, na bahati nzuri fundi nipo. Nikachanganya rangi, nikaziba zote kumi na moja.

Na niliziba vizuri, wakuu. Hilo msininyime.

Saa kumi wageni walijaa. Mchoraji akaangalia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamnong'oneza pasta kwa Kiingereza, na pasta akatugeukia.

"Ni nani alifunga hii mistari?"

Niliwaza kukimbia, lakini mlangoni ndipo baba alikuwa anaingia, amevaa koti lake la misa.

"Ni miye, Pasteur. Niliona haikuisha, nikaimalizia."

Pasta akatafsiri. Yule bwana akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaeleza kwamba kwao mpaka huachwa wazi upande linakotoka jua, yaani kulia kama kwenye ramani, ili mchoraji asijifungie ndani ya kazi yake mwenyewe.

Akanipa kitambaa chake cha mfukoni. Rangi yangu ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo nikaanza kufuta, picha moja baada ya nyingine. Wageni wakadhani ni sehemu ya programu. Kila mwanya ukifunguka, makofi. Mama mmoja Mbelgiji akaniomba nirudie ile ya tatu.

Nilipomaliza, mchoraji akanisogeza mlangoni kwenye picha yangu. Mpaka mweusi, umenyooka, umefungwa pande zote nne. Aliitazama sana, akasema kitu. Pasta akatafsiri:

"Na weye, unatokea wapi?"

Nilichukua kisu changu cha kukwangulia rangi, nikakata mwanya upande wa kulia. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Akanyoosha kidole, akaugusa ule mwanya.

"Hapa uliharibisha."

"Hapana, baba. Hapa njo mlango, njo fasi natokea."

Alivaa kofia, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu nilishtuka jua limeshaingia chumbani. King'ora cha reli kilikuwa kimelia zamani na baba ameenda kazini bila kuniamsha. Mezani kulikuwa na chai yangu, imefunikwa. Kando yake brashi zangu zote, zimeoshwa.

Nililia. Sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: kabla hujamsahihisha mtu, muulize kwanza. Na ukifanya kazi yako, jiachie njia ya kutokea. Vibao vyangu vyote tangu siku ile vina mwanya kulia, na wateja mpaka leo wananiambia nimesahau.

Haya, nani mwingine humu aliwahi kumrekebisha mtu ambaye hakukosea? Leteni visa vyenu. Na makosa ya herufi mtakayoyaona kwenye uzi huu, tafadhali msiyazibe.