Darasa la Chaki

Mke wa fundi friji alikuwa mwalimu mzuri wa sayansi, mpaka alipojiandikisha shahada ya uzamili ya teknolojia ya elimu. Chuo kikuu, kama mjuavyo, ni mahali ambapo kitu kidogo huvalishwa jina refu na kupelekwa kupigwa picha. Utafiti wake ulikuwa hivi: darasa moja la sita lisome kwa vishikwambi, jingine kwa chaki, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Vishikwambi vishinde, mwalimu avae joho.

Kilichomharibia ni kamba. Miaka yote alifundisha safari ya chakula tumboni kwa kamba ya kuanikia nguo iliyozungushwa darasani: mmoja mdomo, mwingine tumbo, na ugomvi mkubwa juu ya nani asimame mwisho. Darasa la chaki waliifuata kamba wakicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Wa vishikwambi walitazama kipande cha mkate kikiteleza kwenye kioo, kisha wakatafuta michezo. Kwenye mtihani, chaki wakawaacha mbali.

"Hiyo kamba haimo kwenye mpango," msimamizi wake wa utafiti alimwambia, macho kwenye simu. "Fundisha kikawaida."

Akafundisha kikawaida. Mada ya moyo aliwasomea darasa la chaki kitabu kama anayesoma tangazo la kukatika maji. Mkono ukitaka kuchora, anautia mfukoni. Safari hii vishikwambi wakashinda kwa raha zao, na alama zikapelekwa kwa wazazi. Nyumbani, mume wake alimwona anasukumasukuma chakula kwenye sahani.

"Mama watoto, umefaulu au umefiwa?"

"Nimefaulu."

"Basi iambie na sura yako."

Jumatatu kiranja wa darasa la chaki, msichana aliyeitwa Wakili kwa mdomo wake, alimfuata hadi mlangoni mwa ofisi.

"Samahani, mwalimu. Sisi tumekukosea nini?"

"Nani kasema mmenikosea?"

"Kwa wenzetu unacheka. Kwetu unasoma tu. Tumekubaliana tuombe msamaha, ila hatujui wa nini."

Alijibu kwamba ana mafua. Mtoto akampa pole, tena kwa adabu zote. Jioni akampigia msimamizi.

"Matokeo ya moyo nayafuta. Niliwafundisha vibaya makusudi."

"Sisi tunaita kudhibiti mazingira ya utafiti."

"Mimi naita kuwapunja watoto."

"Basi utaanza upya mwakani."

"Nitaanza."

Moyo akaufundisha tena, kwa kelele na michoro ukuta mzima. Lakini alama zilikuwa zimeshafika majumbani. Siku ya wazazi alimtafuta mama yake Wakili, fundi cherehani mwenye futi shingoni.

"Mama Wakili, zile alama mbaya ni zangu. Mtoto sikumfundisha."

Mama alimtazama. "Na mimi nimemnyang'anya mpira. Vyombo vyote anaosha yeye, peke yake, tangu siku ile."

"Nisamehe, dada."

"Mpira namrudishia leo. Vyombo je? Jumamosi njoo uoshe wewe."

Mwalimu alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki.

Jumamosi alikwenda.