Kwato za Bluu

Jumamosi iliyopita mtoto wa kaka yangu alinijia na daftari la kuchorea, kalamu za rangi zimemjaa mkononi. "Shangazi, tumeambiwa tuchore ufukwe wakati wa kiangazi. Nifundishe." Nilikuwa barazani kwangu hapa Ruangwa, nachambua mchicha. Nikanawa mikono, nikaomba rula. Mstari mmoja katikati ya karatasi, huo ndio mwisho wa bahari. Nusu ya jua juu yake. Mnazi upande wa kulia. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, maana ndivyo nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye mchanga ukasita. Wewe rafiki yangu nitakwambia kwa nini, maana yule mtoto sikumwambia yote.

Mimi nilisoma Mtua, kule Nachingwea, nikilelewa na bibi. Ukitaka kuijua shule yetu wakati wa kiangazi, anza na harufu. Mabibo yaliyoanguka yalikuwa yakichacha chini ya mikorosho nyuma ya darasa, na nzi wakishashiba huko wanahamia kwetu, kwa sababu madirisha hayakuwa na kioo hata kimoja. Asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha bibi akanipa ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, imechemshwa na bado ya moto, nile njiani. Naitamani mpaka leo.

Mwaka ule wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa walikuwa wameshaingia, na ng'ombe wao walipita katikati ya ufuta wa bibi. Bibi alishinda kwenye kizingiti akirudia neno moja, "Wameumaliza wote, hata wa mbegu hawakuniachia." Haukupita muda, mtoto wao mmoja, msichana wa rika langu, akaletwa darasani na kuketishwa dawati moja na mimi. Kati ya madawati yote! Sisi tulimwita Msukuma, basi. Alikuwa mpole, na hakuna aliyejua kuchonga penseli kwa wembe kama yeye. Mimi nilijibana ukingoni mwa dawati ili mkono wake usiniguse.

Siku moja mwalimu wa kuchora akatangaza kwamba picha moja ya darasa letu itapelekwa Lindi kwenye maonyesho, na aliyeichora atakwenda nayo. Kichwa cha picha ni ufukwe. Tukaulizana. Ufukwe ndio nini? Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa bara kama sisi, bahari aliijua kitabuni. Akakiinua kitabu tukaona: maji, mnazi, watu wamejilaza chini ya mwavuli mkubwa. Akachora vyote ubaoni tunakili. Nusu ya darasa wakaongeza na mvua, maana mwavuli bila mvua ni wa kazi gani?

Mwalimu akacheka, akauliza nani amewahi kufika baharini. Nikanyoosha mkono. Sikuwa nimevuka hata Ruponda, lakini Lindi niliitaka mno. "Nimefika mwalimu, kwa mjomba." Na mwavuli? Nikamwambia maji ya bahari yanaruka, ndiyo maana watu wanajifunika. Akatikisa kichwa kukubali. Kuanzia hapo nikawa ndiye mtaalamu wa darasa, nazunguka nikiwasahihisha wenzangu, na bado naona aibu nikikumbuka nilivyotembea.

Msukuma hakunakili ubao. Alichora maji yasiyo na mwisho, na kwenye mchanga akachora ng'ombe wameinamisha vichwa wanakunywa. Nyuma yao aliweka alama za kwato, moja moja, zote kazipaka bluu. Mwalimu akasimama juu yetu. "Hii nini tena?"

"Ni mwaloni, mwalimu, pale ukingoni mwa maji. Kule kwetu ziwani ng'ombe wanakunywa hapo."

Mwaloni! Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Neno hilo hatukuwahi kulisikia, tukalifanya wimbo palepale. Mwalimu akanigeukia mimi. "Wewe uliyefika, uliwaona ng'ombe?"

Akilini nilimwona bibi yangu kwenye kizingiti. Na nitasema kweli, niliiona pia ile picha, ilivyokuwa nzuri kuliko yangu. Nikajibu, "Hapana mwalimu. Ng'ombe hawafiki huko. Na alama za kwato haziwi za bluu."

"Futa," mwalimu akamwambia. Hakuwa na kifutio. Alilowesha kidole kwa mate akasugua, ng'ombe wa kwanza, wa pili, mpaka karatasi ikatoboka. Hakulia. Alinisogezea penseli yake iliyochongwa, kwa sababu yangu ilikuwa imevunjika, na mimi nikaipokea nikamalizia mnazi wangu.

Nilichaguliwa. Tukaenda Lindi na mwalimu kwa basi, mimi nimeikumbatia picha yangu njia nzima. Kabla ya maonyesho akanipeleka ufukweni, "unionyeshe," akasema. Maji yalikuwa yamekupwa. Hapakuwa na mwavuli hata mmoja. Nilivua viatu nikakanyaga mchanga uliolowa, nikainua mguu, na unyayo wangu ukajaa maji taratibu. Mbingu ikaingia mle ndani. Ulikuwa wa bluu.

Nilikanyaga tena, na tena. Nilipogeuka nilimkuta mwalimu ameinama, anaangalia alama za viatu vyake. "Kumbe," akasema. Baadaye sana, tukiwa kwenye basi la kurudi, akasema tena, "Kumwomba radhi lazima. Wewe na mimi."

Tuliporudi nusu ya dawati ilikuwa tupu. Wafugaji walikuwa wameambiwa waondoke kijijini, wakaondoka na mifugo yao, wengine walisema wameelekea Liwale. Bibi alishukuru Mungu. Mimi nilikaa katikati ya dawati lote, nafasi niliyokuwa naitaka, na sikuweza kuandika.

Darasa lile limebomolewa, limejengwa jipya lenye vioo. Bibi hayupo. Mwalimu alihamishwa, sijui yuko wapi. Picha yangu ilitundikwa ofisini mpaka mchwa wakaila, na sikuisikitikia.

Basi hapo barazani nikachora ng'ombe, na nyuma yao kwato, nikazipaka bluu. Mtoto akashangaa. "Shangazi, mbona za bluu?"

"Zimejaa maji."

"Nani alikufundisha?"

"Mwenzangu wa dawati."

"Anaitwa nani?"

Nikamrudishia kalamu yake ya bluu. Kila asubuhi mwalimu alikuwa akiliita jina lake kwenye daftari la mahudhurio, nami nikilisikia, na nimelitafuta tangu Jumamosi silipati. Kinachonijia ni yeye tu akisimama kando yangu, anaitika, "Nipo, mwalimu."