Mama Alikuwa Anakataza Nini?

Mdogo wangu Mwinjuma anafundisha fizikia Kibaha, na akianza kuieleza hana pa kuzimiwa. Likizo moja alikuja kwetu Mzenga akamsimulia mama habari za mwanga uliokatazwa. Mama, anamenya zake mihogo, akamuuliza nani kaukataza. Mwinjuma akacheka. Hakuna aliyeukataza, akasema, wataalamu wameuita hivyo kwa kuwa hauji kirahisi, huchelewa mno. Atomi ya oksijeni ikishapata nguvu huweza kukaa zaidi ya dakika nzima ndipo itoe mwanga wake mwekundu. Juu kabisa, ambako hewa ni haba, inapata nafasi ya kungoja. Huku chini inagongwa na wenzake kabla haijautoa, na mwanga ule ndio umepotea. Mama akasema maskini, akaendelea na mihogo yake.

Mwaka huu mama akapata kiharusi. Tulipomrudisha kutoka hospitali ya Tumbi, maneno yalimtoka kwa taabu, mpaka umngoje sana. Mwinjuma akaomba ruhusa kazini, akaja kukaa naye. Mama akamkazia macho, akavuta pumzi.

"Mwinjuma, usi..."

Nje mtu akapiga hodi. Mama yetu mtu wa watu, nguvu yote aliyoikusanya ikaishia hapo.

"Karibu."

Ikawa ndiyo hivyo kila siku. Hilo karibu lilitoka bila kukwama, lile lingine likipotea, naye machozi yakimtoka. Mwinjuma akaniomba nizuie wageni. Jamani, niwazuie vipi? Mgonjwa asijuliwe hali? Bi Zubeda katoka Kibuta na miguu yake mibovu, nimwambie arudi, mama anangojewa aseme neno? Roho iliniuma, lakini mlango ule haukuwa wa kufungwa na mimi.

Alifariki Ijumaa, chumba kimejaa watu.

Baada ya hitima wote wakaondoka, nyumba ikawa kimya kama Mwinjuma alivyotaka. Nikamkuta ameketi kwenye kitanda cha mama, anabahatisha peke yake: usiuze shamba, usihame, usioe. Nikamwambia basi, inatosha.

"Nimekatazwa, dada," akasema. "Sijui nimekatazwa nini."

Mpaka leo shamba hajauza, uhamisho kaukataa, na mchumba wake kamwambia asubiri.