Mahari Kando ya Mahali

Skrini ya pili ilifika nyumbani kwetu Kiogoro kwa pikipiki, imefungwa ndani ya blanketi la mtoto. Kaka yangu alikuwa ameipakata tangu mjini, ambako ofisi yao ilikuwa imenunua mpya. Mama alikuwa ndio anatoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. Akasimama kututazama.

"Mmeniletea mtoto wa nani?"

"Wa kompyuta," kaka akasema. "Ile moja ilikuwa mpweke."

"Na dada yako mwenye macho mawili tu? Au naye anaongezewa?"

Tuliiweka mezani kando ya ile ya zamani. Haikulingana nayo kwa kimo, kwa hiyo tuliiinua kwa kipande cha ubao. Nilikuwa na haraka. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imerudi kutoka kwa mhariri wa Nairobi, imesafishwa, nami nilitakiwa kuikubali siku hiyo ya Ijumaa kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo kwetu ni Sabato, na kompyuta hulala.

Nilikuwa nimeshaipitia kwenye skrini moja. Nilisoma sentensi yangu, nikafungua faili lake, na katika kufungua huko sentensi ikaniponyoka. Jicho lilijaza lenyewe kile lilichokumbuka. Niliamini amegusa vituo na mikato tu.

Sasa ya kwangu ilikaa kushoto, yake kulia, kurasa zikishuka pamoja kama wanawake wawili wanaochuma mistari jirani: mmoja akikawia, mwenzake anajua. Nilisoma kwa raha ambayo sikuitarajia. Hapa na pale alikuwa amenitengeneza vizuri kuliko nilivyostahili, nami nikatabasamu.

Kisha nikafika kwenye mazishi. Binti amefia kwa mwanamume ambaye hakuwahi kumtolea ng'ombe, na wazee wamekataza kaburi lisichimbwe. Mama yake anasimama uani na kusema sentensi ambayo riwaya nzima inaiegemea. Kushoto: *Mwanangu hana mahari.* Kulia: *Mwanangu hana mahali.*

Herufi moja. Nilimpigia mhariri.

"Dada, nilidhani ni ile r yenu ya Kisii, mnayoitia penye l," akasema kwa upole. "Anazungumzia kaburi, sivyo? Mahali."

"Anazungumzia yote mawili."

"Msomaji atasema ni kosa la chapa. Atakucheka wewe, hatanicheka mimi."

Nje mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano kwenye majani ya migomba. Mama aliingia kuniambia nioge, Sabato inakaribia, nikamshika mkono nikamketisha mbele ya skrini, simu nikiwa nimeiweka kwenye spika.

"Mama, nisomee hapa. Halafu hapa."

Akasogeza uso. Kiswahili chake ni cha shule na cha wageni, hukitamka kwa makini, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mwanangu hana mahari," akasoma kushoto. Akageuka kulia. "Mwanangu hana mahari."

"Sasa mnagombania nini?" Mama akauliza. "Si ni hiyo hiyo?"

"Mama, shikamoo," mhariri akasema. "Namuuliza binti yako, huyu mama anataka ng'ombe au anataka kaburi?"

Mama aliitazama simu kama mtu aliyeulizwa kama mvua ni maji.

"Kwetu," akasema, "msichana asiye na mahari, hana mahari."

Nilimsikia mhariri akivuta pumzi, kisha akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshindwa na akafurahi.

"Basi. Irudishe r yako. Na hiyo ya mama uiongeze, kama ataturuhusu."

"Aongeze," Mama akasema, akiinuka. "Ndipo akaoge."

Niliandika sentensi yake chini ya yangu, nikaituma, nikazima skrini zote mbili jua likiwa bado juu ya kilima.