Dubu Bado Hajaondoka

Mke wangu alizaliwa Romania. Mimi nilizaliwa Mukurweini, karibu na soko la Gakindu, kwa wakulima wa kahawa. Tulikutana Nanyuki, alipokuja kufanya kazi kwenye shamba la maua, na tulipooana tukahamia Nyeri mjini, ambako nina duka la vipuri vya magari. Binti yetu alizaliwa hapo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kiingereza pale Kiswahili cha mke wangu kilipomwishia. Mama yangu akija kututembelea, ilikuwa ni Kigikuyu.

Kiromania kilikuwa chao wawili. Mke wangu alimbembeleza mtoto akiimba "nani, nani," na mimi kwa muda mrefu nilidhani anamuuliza yeye ni nani. Kumbe kwao hilo ni neno la kulaza watoto. Tulilicheka sana. Lakini mtoto alipoanza kusema, akawa anajibizana na mama yake kwa lugha ile nikiwa nimeketi nao mezani, kicheko changu kikapungua. Walikuwa wakiangua kicheko, nami nauliza kuna nini, na mke wangu anasema, "Aa, ni ngumu kueleza." Hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nilikuwa nimesikia habari za wanaume waliooa wageni, wakarudi jioni moja wakakuta nyumba ina viti tu. Niliona lugha ile kama njia, na mtoto akishaijua njia, siku moja huenda akaifuata.

Binti yetu alipokuwa na umri wa miaka minne, mke wangu na akina mama wengine wa kwao, waliotawanyika Karatina, Naro Moru na Nanyuki, walianzisha darasa la Jumamosi kwa watoto wao wadogo. Walipata ukumbi nje kidogo ya Nanyuki. Watoto waliimba, walichora, walifinyanga wanyama kwa unga wa ngano uliotiwa rangi, wakaigiza hadithi za kwao. Mke wangu ndiye aliyekuwa mwalimu. Mimi nilimwachia fundi duka, nikaendesha gari, kisha nikaketi nyuma ya ukumbi kwenye kiti cha watoto, magoti yakinifika kidevuni. Nilijiambia nimekuja kusaidia kubeba rangi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwaacha waende peke yao.

Mchezo waliopenda kuliko yote ulikuwa wa dubu. Mlima wetu hauna dubu, lakini watoto wale walimjua kuliko walivyomjua fisi. Mke wangu aliziba macho, akanguruma, na watoto wakajificha kimya kabisa. Alipomaliza alitamka maneno fulani, "Gata, a plekat ursul," yaani basi, dubu ameondoka, nao wakatoka mbio kumkumbatia. Kwa kuwa walizoea kuteleza na kuingia kwenye Kiswahili, aliongeza sharti: asiyesema Kiromania ndiye dubu.

Jumamosi moja ya majira ya mvua ndefu, mchana ukiwa mkavu pale tulipokuwa, aliita maneno yale na watoto wakatoka chini ya mabenchi na nyuma ya pazia. Wetu hakutoka. Akaita tena, akicheka. Akaita mara nyingine, na safari hii sauti yake haikuwa na kicheko. Niligeuka nikaona mlango wa nyuma uko wazi.

Mke wangu alikimbilia upande wa barabara kuu, huku mama mmoja akiwakusanya watoto waliobaki. Mimi nilienda nyuma. Nilitazama jikoni, nikatazama chini ya magari. Palikuwa na tangi la maji lililofukiwa ardhini. Nilishika kifuniko chake nikakosa nguvu ya kukiinua, kisha nikakiinua. Maji meusi, hakuna kitu. Nilimulika simu ndani ya choo cha shimo, na nilichowaza nikiwa nimeinama pale sitakiandika.

Mtunza ukumbi alikuwa mzee wa Kiislamu wa pale mjini, mtu wa maneno machache. Alikuwa amesikia kelele akaja na fimbo yake. Alielekeza fimbo kwenye ua wa miiba wa kayaba. Chini kulikuwa na tundu ambalo mbwa walipitia, na kwenye mwiba mmoja ulining'inia uzi mwekundu. Sweta ya binti yangu ilikuwa nyekundu.

"Kuna nini huko nyuma, Mzee?" nikamuuliza, ingawa nilishaanza kusikia.

"Mto," akasema. "Na huko mlimani kumenyesha tangu asubuhi."

Tulizunguka kupitia lango dogo. Mto ule ulikuwa mwembamba, siku nyingine ungeweza kuuvuka kwa mawe. Siku hiyo ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi, na ulikuwa ukipanda huku tukiutazama. Nilimwita mtoto kwa Kiswahili. Nikamwita kwa Kigikuyu, kama mama yangu anavyomwita. Mto ukanirudishia kelele zake tu. Nikawa nafuata ukingo, nikishika majani ili nisiteleze.

Ndipo nikasikia mtu akijizuia kucheka.

Kulikuwa na mti mkubwa ulioinamia maji, mizizi yake ikiwa wazi, na chini ya mizizi udongo ulikuwa umemomonyoka ukaacha pango dogo. Binti yangu alikuwa amejikunyata humo ndani, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake, naye hakuwa na habari.

"Njoo," nikasema. "Njoo kwa Baba, haraka."

Akatikisa kichwa. Nikateremsha mguu mmoja, naye akarudi nyuma, kuelekea ukingo wa pango, ambako chini yake palikuwa na mto wenyewe. Donge la udongo likamegeka likatumbukia. Alikuwa ananitazama kwa furaha, kama mtoto anayefukuzwa kwenye mchezo.

"Wewe ni dubu," akasema.

Mzee alinishika koti kwa nyuma. "Usishuke. Udongo utakatika na nyote mtaenda."

Nilibaki nimelala kifudifudi juu ya mizizi, mkono wangu ukifika nusu ya njia tu. Nilijua alichokuwa akingojea. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale kila Jumamosi na sikuwahi kuyatia kinywani, hata kwa mzaha, kwa sababu nilihisi nikiyatamka nitakuwa nimekubali jambo fulani. Sasa nilifungua mdomo.

"Gata," nikasema. "Gata, a prekat ursul."

Ulimi wangu wa Gakindu uliigeuza ile l. Binti yangu akacheka kwa sauti.

"Si prekat, Baba. Plekat."

"Plekat," nikasema. Maji yalikuwa yamemfunika viatu.

"Sema yote."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika pumzi ile moja, nikitafuta kuweka ulimi mahali pake huku nikiona soksi zake zinalowa. Nililitamka neno polepole, kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. "Gata, a plekat ursul."

Akaja. Alitambaa kwa magoti hadi kwenye mkono wangu, nami nikaikamata ile sweta, Mzee akanivuta kwa mshipi, tukaanguka sote watatu kwenye nyasi. Nilipotazama chini, maji yalikuwa yanapita katikati ya mizizi.

Mke wangu alitufikia akikimbia. Alimpapasa mtoto kichwa, mikono, mbavu, akimsemesha Kiromania bila kupumua, na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua anasema nini. Mzee alituletea chai yenye sukari nyingi.

Wakati wa kurudi mke wangu ndiye aliyeendesha. Tulipofika Naro Moru aliegesha gari kando ya barabara, mtoto akiwa amelala nyuma, akalia.

"Ni mimi nilimfundisha akae kimya," akasema. "Ni mimi nilisema baba yake ni dubu."

"Hukusema hivyo."

"Ndivyo alivyoelewa."

Basi nami nikamwambia yangu. Kwamba tangu mtoto aanze kusema nimekuwa nikingojea siku watakapoondoka.

"Tuende wapi?"

"Kwenu."

"Mama yangu ni mzee," akasema. "Anaongea na huyu mtoto kwa simu. Siku mtoto akishindwa kumjibu, atabaki kuwa mtu wa kwenye picha tu. Mimi niko na hofu hiyo kila siku. Sikujua wewe uko na yako."

Darasa lilihamia Nyeri mjini, kwenye chumba chenye ukuta na lango, mbali na mto. Mchezo wa dubu uliachwa; sasa watoto hucheza soko, wakiuziana nyanya na mchele wa Mwea kwa Kiromania. Mimi ni mnunuzi, nao hunicheka ninapokosea. Mwaka uliofuata mke wangu na binti yetu walienda Romania kumwona bibi wa mtoto. Niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, nikarudi nyumbani kwenye viti vitupu, na sikulala vizuri hadi waliporudi. Walirudi.

Binti yangu amekuwa mkubwa. Yeye huikumbuka siku ile kama kichekesho, na huwasimulia wageni jinsi Baba alivyoshindwa kutamka neno dogo akiwa amelala juu ya mizizi ya mti. Watu hucheka sana. Nami hucheka nao, mikono yangu ikiwa imeshika meza kwa nguvu.